Chokaa Iliyolala Uani kwa Bi Zuhura

Mmenitaka niandike faida. Karatasi aliyoniletea maalim wenu imeandikwa hivyo hivyo, juu, kwa wino mzito: "Faida za Somo la Huduma kwa Wanafunzi." Chini yake wameacha mistari kama ishirini ya kuandikia, na chini kabisa pa kutia saini. Ati kitatolewa kitabu kidogo mpewe nyinyi mnaoanza mwaka huu, na kila aliyewahi kusimamia wanafunzi anaombwa aseme neno la kuwatia moyo. Mie neno la kutia moyo sina. Nimelitafuta wiki mbili, wallahi, sikuliona. Kwa hivyo nimechukua daftari la mjukuu wangu nikaandika yangu, na maalim akitaka alitie kitabuni, asipotaka afungie maandazi.

Mimi ni Makame, fundi chokaa. Kuta za Mji Mkongwe nimezipapasa tangu sijaota ndevu mpaka magoti yaliponikataza kupanda ngazi. Miaka saba ya mwisho chuo chenu kilinichukua niwasimamie wanafunzi wa somo hilo. Na kwa mtu atakayeokota karatasi hii barazani asijue tunasema nini, somo lenyewe ni hivi: mwanafunzi, awe anasomea uhasibu au ualimu au ujenzi, hupewa muhula mmoja akawafanyie kazi watu wenye haja, na kila wiki aandike katika daftari alichokifanya na alichojifunza. Mwisho hupewa alama. Kundi langu lilikuwa la kutengeneza nyumba kongwe za watu wasio na uwezo wa kuweka fundi.

Kabla sijafika mbali, niwaeleze chokaa, maana bila ya hiyo hamtanielewa.

Nilifunzwa na Mzee Ngwali, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa hanisifu mbele yangu hata kwa bahati mbaya. Siku yangu ya pili ya kazi alinituma nikachukue chokaa mbichi, yaani iliyotoka tanuuni haijatiwa maji, niipeleke Malindi. Akanambia niifunike. Sikuifunika. Jua lilikuwa linawaka na turubai lilikuwa zito, na mie nilikuwa kijana ninayejua kila kitu. Nikajitwika kikapu, nikashika njia, na nilipofika Mlandege mvua ya vuli ikanishukia. Kwanza nilihisi joto utosini nikadhani ni homa. Kisha kikapu kikaanza kunong'ona. Kisha kikachemka, bwana, kichwani pangu, kama sufuria ya muhogo, na mvuke unatoka, na watu waliokimbilia vibarazani kujikinga mvua wananitazama mimi badala ya kutazama mvua. Nilikitupa mbele ya duka la viatu nikatimua mbio. Mzee Ngwali alinimwagia ndoo nne za maji kichwani, na alipomaliza akacheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo utosini pana mahali nywele hazioti. Ndiyo maana hamjaniona bila ya kofia.

Sasa, chokaa ikishatiwa maji ikachemka ikatulia, huwekwa shimoni, ikafunikwa na maji kidogo na magunia, ikaachwa. Sisi mafundi tunasema imelala. Miezi mitatu ni ya mwenye haraka. Miezi sita ni ya mwenye adabu. Mwaka mzima ni ya mwenye kujisifu. Ukiiamsha mapema, ndani yake huwa na punje ambazo hazijapata maji, na zitakuja kuyapata ukutani, zifure, plasta yako itoboke vidonda. Na huwezi kuihimiza. Mzee Ngwali alikuwa akichomeka mwiko shimoni, akiutoa anautazama, kisha anasema tu, "Bado," na sisi tunakwenda zetu kutafuta kazi nyingine.

Na saruji je? Hilo nitalisema mara moja. Nyumba zetu kongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua kisha huyatoa, kila mwaka, ndivyo ulivyo. Ukiupiga saruji, maji yataingia kwa juu na kwa chini lakini hayatatoka. Yatakaa ndani. Udongo utalainika, na vichwa vya boriti vilivyolala ndani ya ukuta vitaoza wakati kwa nje unaona kuzuri kumenyooka. Hili kila fundi wa mji analijua. Mimi nimelijua tangu nna miaka kumi na minane.

Haya, faida.

Faida zipo, na mimi si mtu wa kukataa nilichokiona kwa macho yangu. Alikuja kijana mmoja akiitwa Feisal, msomi wa ujenzi, hodari wa hesabu, anashika kalamu kama daktari anavyoshika sindano. Nikamtuma achore ramani ya nyumba ya bibi mmoja. Akarudi na ramani safi, mistari imenyooka, vipimo vyote vimo. Nikaitazama, nikaigeuza, nikamuuliza chumba cha mashariki kimekwenda wapi. Akasema, "Bibi alikuwa anasali, Fundi, sikuweza kuingia." Nikamuuliza kwa nini hakungoja. Akanambia alikuwa na kipindi saa saba. Basi kwenye ramani ya Feisal nyumba ilikuwa na ukumbi, na jiko, na choo, na mahali alipolala bibi na kusali miaka yake yote hapakuwapo. Nilimrudisha. Alikaa mlangoni mpaka bibi akamaliza na nyiradi zake zote, akamkaribisha na chai, akamwonesha mpaka alama ya ukutani walipokuwa wakipimwa urefu yeye na ndugu zake utotoni. Feisal aliandika kurasa sita katika daftari lake wiki ile. Kabla ya hapo alikuwa akiandika mistari mitatu.

Hiyo ni faida. Wengine walijifunza kupiga hodi na kungoja. Wengine walijifunza kwamba mtu masikini naye ana maoni juu ya rangi ya mlango wake. Wapo waliokuja wakiona haya kushika ndoo, na walipoondoka mikono imechunika wanaionesha kwa wenzao kama pete. Maalim wenu akitaka mistari ishirini, basi hiyo, anaweza kuinakili.

Bibi asiyekuwa na chumba kwenye ramani ndiye Bi Zuhura, na yeye ndiye hasa ninayetaka kumsema.

Nyumba yake ilikuwa Malindi, kichochoro cha nyuma, ghorofa moja, aliyoachiwa na babake. Hakuwa na mume tena, na watoto hakujaaliwa. Alikuwa akishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vidogo vinavyotaka macho na subira, na chumba hicho cha mashariki ndicho chenye mwanga. Asubuhi akishakunywa chai anakaa chini ya dirisha na kitambaa chake, na hanyanyuki mpaka adhuhuri. Alizaliwa chumba hicho. Siku ya mwanzo tuliyokwenda alinambia hana analolitaka duniani ila afie humo humo, kuta zisimuangukie kabla. Alisema kwa kucheka, lakini alisema.

Ukuta wa chumba hicho ulikuwa mbaya. Plasta ya zamani imemenyeka, maji ya paa yameshuka ndani, na katikati ukuta ulikuwa umeanza kufanya tumbo. Lakini ulikuwa wa kuponyeka. Nakula kiapo, ulikuwa wa kuponyeka. Tukatengeneza paa kwanza. Tukachimba shimo uani, tukazima chokaa kwa maji, tukailaza. Nikawaeleza wanafunzi kila nilichokwisha kuwaeleza nyinyi hapo juu, na kofia nikaivua nikawaonesha utosi.

Katika kundi lile alikuwemo msichana akiitwa Ghaniya, anasomea ualimu wa kemia. Mdogo wa umbo, sauti ya chini, lakini ana macho ya kukukagua. Nilipomaliza kueleza habari ya kulala, akanambia anaijua. Ati ameiandika ubaoni na kuijibu kwenye mtihani mara tatu: jiwe likichomwa hutoa hewa, likipewa maji hulainika, likikaa na hewa hurudi kuwa jiwe. Miaka yote anayoiandika, akasema, hakuwahi kujua kwamba ni kuta za kwao. Mie ndiye niliyefaidika siku ile, maana nimefanya kazi ya chokaa umri mzima na hakuna aliyewahi kunambia kwa nini. Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, ananichorea mchangani kwa kijiti, na mie nasema "ehee" kama mtoto wa darasa la kwanza.

Bi Zuhura alilipenda neno lile la kulala. Kila asubuhi tukipiga hodi, tukishaamkiana na kuulizana hali, anauliza, "Chokaa ishaamka?" Nasi tunamjibu, "Bado, bibi, imelala." Naye, "Basi msiipigie kelele," na wanafunzi wote wanacheka. Ikawa ndiyo salamu yetu.

Tatizo muhula. Muhula wenu ni miezi minne, na ukitoa wiki ya kujiandikisha na wiki za mitihani hubaki mitatu haijatimia. Kwenye paa tulikwisha kula mwezi na zaidi. Mimi nilikuwa nimemwambia maalim aliyekuwepo wakati ule, Maalim Suleiman, tangu mwanzo, kwamba kundi hili litengeneze paa, lilaze chokaa, liondoke, na kundi la muhula unaofuata ndilo lije kupiga plasta. Akasema vizuri, tutaona. Si mtu mbaya Maalim Suleiman. Aliwapenda wanafunzi wake. Lakini somo linataka kila kundi lianze kazi na liimalize, lifanye makabidhiano, aje mgeni rasmi, zipigwe picha, ziingie katika ripoti. Kundi haliwezi kukabidhi shimo la chokaa.

Ikabaki wiki moja. Maalim akanijia uani, akasimama pembeni ya shimo na viatu vyake vizuri, akasema, "Mzee Makame, mgeni anakuja Alkhamisi. Hakuna njia?"

Yeye hakutaja saruji. Nataka mlijue hilo, asije mtu akamlaumu. Aliuliza tu kama hakuna njia. Na mimi, mwanafunzi wa Mzee Ngwali, nilimjibu, "Ipo."

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nilipenda kuitwa fundi wa chuo. Nilipenda kualikwa siku ya makabidhiano nikavaa kanzu nikakaa mstari wa mbele. Nilijiambia nitatia saruji nyembamba tu, na chokaa ikiamka nitarudi mwenyewe niibandue niipige upya. Nilijiambia hivyo na nikajiamini, maana mtu akijiambia jambo mwenyewe hakuna wa kumpinga.

Aliyenipinga alikuwa Ghaniya. Mifuko ilipoletwa Jumatatu, wanafunzi wote wamesimama na makarai tayari, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Fundi, si wewe uliyetwambia saruji inauziba ukuta pumzi?"

Wenzake wakanitazama. Na mie badala ya kusema kweli, kwamba naona haya mbele ya maalim, nikamwambia, "Nani fundi hapa, mie au wewe?"

"Wewe, Fundi."

"Basi changanya."

Hakuchanganya. Aliuweka mwiko ndani ya ndoo, akanawa mikono, akavua viatu mlangoni, akaingia ndani kwa Bi Zuhura akakaa kumtungia uzi sindanoni. Siku tatu zile alikuwa akija kwa wakati, akikaa na bibi, akiondoka kwa wakati. Sisi tukapiga plasta. Ilitoka nzuri kupita kiasi, imenyooka, imelainika, na Feisal akaipima kwa uzi akasema haijakosa hata kidogo.

Alkhamisi asubuhi Bi Zuhura alikuwa amevaa buibui jipya, amefukiza udi chumba kizima. Akaniuliza kama kila siku, "Chokaa ishaamka?"

Nikamwambia, "Ishaamka, bibi."

Akaupapasa ukuta akasema alhamdulillahi. Mgeni akaja, akasema maneno mazuri, akakabidhi ufunguo wa nyumba kwa mwenye nyumba ambaye ufunguo ulikuwa wake tangu zamani. Tukapigwa picha. Mimi nimo, mstari wa mbele, kanzu nyeupe.

Sasa sikilizeni, maana hili sijawahi kumwambia mtu mpaka mwaka huu. Baada ya makabidhiano msimamizi hupewa madaftari ya wanafunzi ayasome na fomu azijaze. Daftari la Ghaniya, wiki ya mwisho, lilikuwa na mstari mmoja: "Leo tumempa Bi Zuhura ukuta wa kupigia picha." Nilipousoma nilihisi nimepigwa kofi. Na mtu aliyepigwa kofi la haki hukasirika zaidi ya aliyeonewa. Nikachukua fomu yake, penye ushirikiano nikaandika mdogo, penye utiifu nikaandika hana. Nikatia saini yangu, vizuri, kwa kuitulizia mkono. Feisal na wenzake walipata alama za juu. Ghaniya alilirudia somo mwaka uliofuata, kwengine, na akachelewa mwaka mzima kumaliza chuo kwa sababu ya maneno yangu mawili.

Na niliyojiambia, kwamba nitarudi kubandua? Sikurudi. Muhula uliofuata tulipewa nyumba nyingine, na uliofuata nyingine, kila moja na mgeni wake. Shimo la chokaa nilimwachia Bi Zuhura uani, nikamwambia asiliguse, alimwagie maji kidogo kila wiki. Nikipita Malindi nilikuwa nazunguka njia ya mbali. Mtu mzima wa ndevu nyeupe, nakwepa kichochoro kama mwenye deni, kwa kuogopa bibi atanikaribisha chai.

Masika ya kwanza ukuta ulisimama. Masika ya pili, mvua ilipokatika, jirani alinipigia simu akasema kuna ufa. Nilikwenda. Nilipougonga ukuta kwa kidole nilijua. Ukuta mzima ukiugonga unasikia jiwe. Ule ulilia mtupu, plasta kivyake na ukuta kivyake, na ndani pote maji. Tumbo lilikuwa limekuja mpaka unaweza kuliona kutoka barabarani. Nikamwambia Bi Zuhura ahame chumba siku hiyo hiyo. Akasema atamaliza kofia aliyoianza, ni ya bwana harusi, na jikoni hakuna mwanga. Nikamwambia kesho basi nakuja na magogo ya kuegemezea, usikae humo. Akasema haya.

Haikungoja kesho. Ulianguka adhuhuri ile ile, na boriti zilipokosa pa kulalia zikaja chini na ghorofa. Mwenyewe alikuwa ameingia msalani kutawadha, na ndiyo ikawa salama yake. Majirani walimtoa kwa mlango wa uani, amejaa vumbi, sindano bado imechomekwa kwenye kanga begani. Hakulia. Aliuliza kofia iko wapi.

Nyumba ikabomolewa iliyobaki kwa kuhofia wapita njia. Pale sasa pamezungushiwa mabati na ndani pameota mipapai. Bi Zuhura alichukuliwa na binti wa nduguye, Fuoni. Nyumba nzuri, ya matofali, ana kitanda na feni. Dirisha la chumba chake linatazama ukuta wa jirani. Hashoni tena.

Ghaniya alinitafuta baada ya nyumba kuanguka. Nilipomwona mlangoni pangu nilisimama nikangoja aniseme. Ilikuwa haki yake na nilikuwa nimeshajitayarisha. Aliniamkia, "Shikamoo, Fundi," akauliza bibi amehamia wapi, nikamwelekeza, akaaga. Ni hayo tu. Wallahi bora angenitukana. Yeye sasa ni mwalimu, anafundisha skuli ya shamba, Kusini, na kila mwisho wa mwezi anapokuja mjini hupita kwangu, kisha anakwenda Fuoni. Nilikwisha kumwomba radhi, nikamweleza na habari ya fomu. Akanambia alijua siku nyingi, maana fomu walimpa aisome. Nikamuuliza mbona basi anakuja kwangu. Akasema, "Wewe ndiye ulonfunza chokaa." Sijui hilo ni msamaha au si msamaha, na sikuthubutu kumuuliza mara ya pili.

Kwa hivyo mkitaka faida ya somo kwa mwanafunzi, ndiyo hiyo, ipo, ina jina na inafundisha watoto kemia. Na Feisal naye ana kazi nzuri, nasikia huwafokea wachoraji wake wakiruka chumba. Nyote mtafaidika. Hata mtakaofanya vibaya mtafaidika, hilo ndilo linalonikosesha raha. Somo hili haliwezi kumkosesha mwanafunzi faida. Nyumba ikisimama mtajifunza, ikianguka mtajifunza zaidi, na daftari litajaa vile vile. Lakini sijaona katika fomu zenu, na nimejaza nyingi, mahali panapouliza mwenye nyumba amepata nini baada ya masika mawili. Nilimwambia maalim wenu wa sasa. Akasema ni wazo zuri sana, akaliandika. Muhula bado ni miezi minne.

Mwezi uliopita Ghaniya alinambia twende tukalione shimo. Nikamwambia patakuwa pamejaa takataka. Akasema twende tu. Tukasogeza bati, tukapita kati ya mipapai, na shimo lilikuwa pale pale, pembe ya ua, magunia yameoza juu yake na maji ya mvua yametuama. Nikayatoa magunia. Nikamwomba mwiko, nikauchomeka, nikautoa.

Sijaona chokaa kama ile tangu nizaliwe. Nyeupe, laini kama samli, hamna punje hata moja, imeng'ang'ania mwiko haitaki kuanguka. Miaka minne imelala, hakuna aliyeisumbua. Mzee Ngwali angeiona angenyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikuwa kusifu. Chokaa ya kupiga ukuta ukakaa umri wa watu watatu, na mbele yetu hapana ukuta. Nilikaa chini kwenye majani nikalia, na sioni haya kuwaambia. Ghaniya alikaa pembeni yangu. Baadae akachota kidogo akaitia katika kopo, akasema twende tukamwoneshe mwenyewe.

Bi Zuhura siku hizi akili yake inakuja na kuondoka. Alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, haifanyi kitu. Tulipopiga hodi alitukaribisha, tukaamkiana, tukaulizana hali. Akanitazama sana, kisha uso wake ukafunguka, akatabasamu. "Makame," akasema. "Chokaa ishaamka?"

"Ishaamka, bibi," nikamwambia, na safari hii nilikuwa nasema kweli.

Ghaniya akamfungulia kopo. Bi Zuhura akatia kidole, akaisaga kwa kidole gumba pole pole, akaitazama kwenye mwanga mdogo wa dirisha lile. Akaridhika. Akafuta mkono kwa upindo wa kanga, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu chini ya kitanda.

"Basi nrudisheni kwangu," akasema.

Nyinyi mnaoanza mwaka huu, sina jengine la kuwaandikia. Bi Zuhura anakaa Fuoni, Ghaniya atawaelekeza. Kabla hamjapewa madaftari yenu, nendeni mkapige hodi, mngoje mpaka mkaribishwe, mumjibu neno lake hilo, maana mie nilishindwa.